Mzigo wa Mtani

1

Maumivu yalimrudia Bi Havijawa katikati ya kichwa cha mwali.

Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, mistari imelala sawasawa kutoka utosini hadi kisogoni, na vidole vyake vilikuwa vimeshashika nywele za juu ya sikio la kulia. Ghafla kiuno kikashika. Si kuuma kule kwa mtu aliyelala vibaya, la! Kilishika kama enzi zile: moto ukaanzia kwenye pingili za chini, ukapita nyongani, ukaenda kujikita kwenye goti. Akajikuta ameng'ang'ania kichwa cha mtoto wa watu ili asianguke.

"Aaa! Bi Havijawa, unaning'oa!"

"Nisamehe mwanangu. Nisamehe."

Akashika ukuta, jasho linamtoka. Halafu, badala ya kulia, akapandwa na hasira, kwa sababu alijua maumivu yale hayarudi yenyewe. Yanarudi kama mbebaji ameyatua, na mbebaji wake hakuwa mbali. Alikuwa pale nje barazani, upande wa pili wa ukuta huohuo, anashona viatu vya watu.

"Ametua yule mshenzi," akasema. "Leo! Siku ya mwali! Ngoja anione."

Mihambo fundi viatu alikuwa Mnyamwezi, Havijawa Mzaramo, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara. Wanatukanana bila kununiana, wanaibiana bila kushtakiana, na mmoja akifa mwenzake ndiye anayekuja kuchekesha msibani. Miaka yote waliyopakana baraza pale Kisarawe, wawili hawa hawakuwahi kuamkiana kama binadamu wengine. Juzi tu Mihambo alimfichia kitana ndani ya kiatu cha mteja, naye akalipiza kwa kumtilia pilipili kwenye chai. Kwa hiyo Havijawa aliona wazi kabisa kwamba huu nao ni utani, tena wa kupitiliza.

Akatoka akijivuta kwa kushika kizingiti.

"We Mnyamwezi! Mpagazi gani wewe unatua mzigo porini? Babu zako wangekuwa hivyo, zile pembe za ndovu zingefika pwani zimeota uyoga!"

Baraza zima likaangua kicheko. Muuza kahawa alicheka, akina mama waliokuwa wanasubiri zamu zao za kusukwa walicheka, hata mwali akachungulia dirishani na nusu ya nywele zake zimetimka. Mihambo alikuwa ameegemea ukuta kwenye kigoda chake, ndala ya mtu mapajani, sindano mkononi, kichwa kimeinama.

"Na usijifanye umelala! Bonyeza hilo bandiko, ubebe mzigo wangu, mwali wa watu ananisubiri!"

Akamnyang'anya kofia. Kichwa kikaifuata kofia, na mwili ukafuata kichwa.

Vicheko vilichukua muda kukatika, maana watu walidhani naye Mihambo anacheza sehemu yake.

2

Kabla Mihambo hajambebea, Havijawa alikuwa ameshajaribu kila kitu ambacho mtu wa kipato chake anaweza kukijaribu. Alishapigwa chuku mpaka mgongo ukawa na madoadoa. Alishakandwa kwa maji ya chumvi. Alishapakwa mafuta ya mbuni na mtu aliyeapa kwamba huyo mbuni amemwona kwa macho yake. Vidonge vilimtuliza kiuno vikamwasha tumbo. Na kazi ya kusuka haina kukaa: kutwa umesimama, umeinama, shingo mbele, magoti yamefungwa. Mjini mashine za kusuka zilikuwa zimejaa, unaingiza kichwa unatoka na mitindo ya ajabu, lakini mwali wa Kizaramo hatolewi ndani na kichwa kilichoshikwa na mashine. Anasukwa na mikono ya mtu mzima anayemwombea dua huku anasuka. Mikono hiyo kwa Kisarawe nzima ilikuwa imebaki michache, na mwenye mikono akishindwa kusimama, basi tena.

Ndipo alipokwenda zahanati ya mtaa kwa Sista Leokadia.

Sista aliinua picha ya mgongo wake ikasimama hewani juu ya meza, mwanga mtupu, kila pingili peke yake. "Hizi tatu zimesagika, mama," akasema. "Hospitali kubwa wanakuoteshea mpya, kutokana na chembe za mwili wako mwenyewe. Wanakupachika, unatoka unacheza ngoma."

"Nikishauza nyumba ili wanipachike, hiyo ngoma nitaichezea wapi?"

Sista alicheka, akavuta mtoto wa meza. Akatoa mshipi mwembamba mweusi kama wa suruali ya shule, na bandiko dogo la rangi ya ngozi.

"Basi kuna hiki. Bei yake haizidi doti ya kanga. Maumivu hayafutiki kwa bei rahisi, mama, lakini yanahamishika. Mshipi unasoma neva zako, unazuia taarifa isifike kichwani. Sasa ikizuiwa tu bila kupelekwa popote, neva zinapata wazimu, zinauma mara mbili. Lazima iende mahali. Kwa hiyo inakwenda kwa mwenzako aliyevaa bandiko. Yeye anaumwa, wewe unafanya kazi. Ni maumivu matupu, hayana ugonjwa ndani yake. Mwili wake haudhuriki."

"Na analipwa nini huyo mwenzangu?"

"Halipwi. Sheria imekataza. Watu wenye uwezo walianza kuwatwisha wafanyakazi wao wa ndani, ikawa balaa. Sasa ni hiari. Ndugu, jamaa, mtu anayekupenda."

Havijawa akarudi barazani na mshipi ndani ya kikapu na hana wa kumtwisha. Mume alishazikwa. Mwanawe wa pekee alikuwa baharini huko kwenye meli za watu. Dada yake mwenyewe alikuwa anapanda kitanda kwa kuinuliwa. Akalitupa lile bandiko kwenye meza ya Mihambo, katikati ya misumari na gundi, akasema kwa sauti ili baraza lisikie:

"Nyie si kazi yenu kubeba? Haya, mpagazi, nibebee na mgongo!"

Alisema akitegemea tusi. Mihambo aliliokota bandiko, akalitazama, akaweka sindano chini.

"Lete," akasema.

Mbele ya Sista nako alikuwa yuleyule. Sista alipomuuliza kama anabeba kwa hiari yake, akaanza: "Sista, babu wa babu yangu alitoka Unyanyembe na pembe kichwani mpaka baharini, anambebea mtu hata jina halijui. Mimi nishindwe na kiuno cha jirani? Tena kiuno chenyewe cha ngoma tu, hakina uzito!"

"Baba, nataka ndiyo au hapana."

"Ndiyo basi. Mbona mkali hivyo?"

Sista hakucheka. Akawaeleza wote wawili, akimtazama zaidi Havijawa. "Ukichoka, baba, unabonyeza bandiko mara mbili, mzigo unarudi kwa mwenyewe. Hakuna wa kukulaumu. Na kila mwezi mzigo unatuliwa siku mbili, unakuja nikupime. Mama, na wewe nisikie. Mwili unasema kwa maumivu. Huyu amebeba ya kwako, akiumwa ya kwake mwenyewe hatayajua. Atadhani ni yaleyale. Hizo siku mbili ndizo nafasi pekee mwili wake unayopata ya kusema."

Wakaitikia. Sista akambandika Mihambo kiunoni, akagusa mshipi wa Havijawa.

Mihambo akaikamata meza kwa mikono miwili. Macho yalimtoka. "Mama yangu mzazi," akasema polepole. "Hiki ndicho ulikuwa unatembea nacho?"

Havijawa alikuwa amesimama wima. Alikuwa amesahau jinsi chumba kinavyoonekana mtu akiwa wima. Machozi yalimshuka kwa furaha, na furaha ile, masikini, ilimziba masikio tangu siku hiyohiyo.

3

Miezi ya mwanzo walifuata masharti. Siku za kutua zilipofika Mihambo alibonyeza bandiko, Havijawa akalala chali kitandani akiuma meno, Mihambo akaenda kupimwa, kisha mzigo ukarudi begani kwake. Lakini likaja lile jua la baada ya mavuno, wakati nyumba baada ya nyumba inatoa mwali. Wakamjia watu kutoka Maneromango, wakaja kutoka Mzenga. Havijawa alikuwa anasuka tangu asubuhi huku akiimba.

"Kesho ni siku ya kutua, Mzaramo," Mihambo akamwambia.

"Ngoja nimalize huyu mwali wa Mzee Pazi kwanza. Wiki ijayo."

"Sawa, mwenye mali. Mpagazi nasubiri."

Wiki ijayo kulikuwa na mwali mwingine, na mwezi uliofuata vilevile. Ujumbe wa zahanati uliingia kwenye simu zao, ukaingia tena, Havijawa akaufuta kama mtu anavyofukuza nzi. Mihambo hakugombana naye. Aliinama zaidi, akawa anatembea mkono mmoja kiunoni na mguu wa kulia unaburuta kidogo, na watu wa baraza wakamtania kwamba sasa amekuwa Mzaramo kwa mwendo.

Siku moja akasema, huku anagonga kisigino: "Mtani, huu mgongo wako siku hizi una ngoma ndani. Nikilala naisikia inapiga. Du, du, du, mpaka tumboni. Nyie hata maumivu yenu yanacheza?"

Watu walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe. Havijawa ndiye aliyecheka kuliko wote. "Inakuita uje uwanjani, na hiyo miguu yako ya njia!"

Na hapa ndipo hatakuja kujisamehe. Maumivu yake aliyajua kama anavyomjua mwanawe. Yalikuwa moto, yalikuwa kisu wakati mwingine, lakini hayakuwahi kupiga. Wazo lilimjia palepale, kicheko kikiwa bado mdomoni: mbona mgongo wangu haukuwahi kupiga? Lilimjia waziwazi, wala asiseme hakulisikia. Akalifukuza, kwa sababu nyuma ya wazo hilo zilikuwa zimesimama zile siku mbili za kulala chali, na mwali wa Maneromango alikuwa ameshakaa mkekani.

Baadaye kidogo Mihambo alimwita. Hakuita Mzaramo, hakuita mtani. "Havijawa," alisema, na uso wake ulikuwa umepauka kama mtu aliyeoga majivu. "Hapa sitanii. Nimechoka."

Sasa wewe niambie, ni mtani gani asiyeanza hivyo? Hapa sitanii, ndivyo alivyosema siku aliyomzushia kwamba nyumba yake inaungua. Hapa sitanii, ndivyo alivyosema kuhusu nyoka kwenye ndoo.

"Na mimi hapa sitanii," Havijawa akamjibu kwa sauti ya kuchekesha watu. "Ukitua nakuroga!"

Baraza likacheka. Mihambo naye akacheka, akajifuta uso kwa kofia, akaokota kiatu. Kidole chake kilikuwa huru, bandiko lilikuwa palepale kiunoni, angeweza kulibonyeza. Hakulibonyeza.

4

Sista Leokadia aliongea akiwa amempa mgongo, ananawa mikono. Mwili wa Mihambo ulikuwa chumba cha pili, umefunikwa shuka. Mtambo wa zahanati ulikuwa umeshaupiga picha.

"Ni mshipa mkubwa wa damu," akasema. "Ule unaoshuka kutoka moyoni. Ulivimba huku nyuma ya tumbo, ukaegemea uti wa mgongo, leo ukapasuka. Ulivimba polepole, miezi. Ukivimba hivyo unapiga kila moyo unapopiga. Lazima aliusikia. Hakuwahi kusema?"

Havijawa alikuwa amekaa kwenye benchi, amejikunja, goti linamwaka.

"Alisema."

Sista akageuka.

"Alisema kuna ngoma. Tulidhani anatania." Akajisahihisha. "Wenzangu walidhani anatania."

Sista alikaa kando yake. Hakumgombeza, na ingekuwa afadhali amgombeze. "Angetua siku mbili tu, mama. Angebaki na lile la kwake peke yake, angekuja hapa mbio."

"Lingetibika?"

"Wanapitisha kibomba laini ndani ya mshipa, hapahapa hospitali ya wilaya. Mtu analala siku chache anarudi nyumbani. Hata si ghali. La kwake lilikuwa rahisi kuliko la kwako."

Havijawa akapitisha mikono chini ya gauni, akafungua mshipi, akauweka juu ya benchi katikati yao.

"Ndugu wa yule mwali wameshapiga simu," Sista akasema. "Kuna binti yao mdogo, yuko tayari kukubebea mpaka mwali atolewe. Ana afya nzuri. Sheria inaruhusu."

"Mwambie akacheze," Havijawa akasema. "Nitakimalizia kichwa chao nimekaa chini."

5

Binti wa Mihambo, Kalunde, alikuja na treni kutoka Tabora. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa mitambo ya jua huko Urambo, mrefu kama baba yake. Alifika hajalia. Alisalimia watu, akapokea pole, akakaa macho makavu mpaka wazee wakaanza kuogopa. Msiba huu umekaza, walisema, watani wako wapi? Na macho yote yakamgeukia Havijawa.

"Siwezi," akasema. "Hamuoni hali yangu?"

"Usipofanya wewe, afanye nani? Unataka Wanyamwezi wakamzike kimyakimya kama mtu asiye na mtani?"

Hilo hakuliweza. Akavaa kofia ya Mihambo. Akafunga aproni yake ya ngozi, yenye harufu ya gundi. Jeneza lilipokaribia kaburi akajitokeza mbele, akawazuia njia, akaanza kutembea kama marehemu.

Mkono mmoja kiunoni. Mguu wa kulia unaburuta. Shingo mbele.

Watu waliangua kicheko mpaka waliobeba jeneza wakayumba. "Ndiye! Ndiye Mihambo mwenyewe! Wallahi kafufuka!" Muuza kahawa alikaa chini kwenye vumbi. Wakasema hawajawahi kuona mtani anayemwigiza marehemu namna ile, hakukosea hata hatua. Na Havijawa alikuwa haigizi kitu. Alikuwa anatembea mwendo wake mwenyewe, ule uliokuwa kwa Mihambo kwa azima, na kila hatua ilikuwa inamchoma hadi kisigino.

Akasimama ukingoni mwa kaburi. "Msikieni!" akapaza sauti. "Mnyamwezi huyu nimemuua mimi! Nilimtwisha mgongo wangu! Alipolia nikacheka! Aliniambia amechoka, nikamwambia nitamroga!"

"Mfungeni kamba huyo!" mmoja akadakia.

"Azikwe naye!"

"Aende akambebe huko, zamu yake!"

Kicheko kikapanda upya. Havijawa akawatazama mmoja mmoja, mdomo wazi. Alikuwa ameyasema yote, hakuacha kitu, na hakuna aliyesikia. Nyuma ya watu Sista Leokadia peke yake alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akamwona Kalunde. Kalunde alikuwa anacheka, ameshika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakapata njia, akalia kwa sauti kama inavyotakiwa mtu amlilie babaye. Akina mama wakamkumbatia. Wazee wakashusha pumzi. Utani ulikuwa umefanya kazi yake.

Walipokwisha kuzika, watu wakaanza kutawanyika kwenda kwenye chakula. Havijawa alikuwa amekaa kwenye rundo la udongo uliobaki, hawezi kuinuka. Kalunde akamjia, akachutama mbele yake, akamshika mikono.

"Mama, asante. Asante sana. Baba angefurahi, haki ya Mungu." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Alikuwa haishi kukutaja kwenye simu. Namuuliza habari za afya, yeye ananiambia, mtani wangu leo kasimama wima tangu asubuhi, nimemwona dirishani. Mimi namuuliza yeye, ananijibu wewe."

Havijawa alifumba macho.

Ingetosha. Mtoto ameshalia, watu wameshacheka, maneno ameshayasema mbele ya umma wote, na utani husamehe palepale bila kuuliza. Angeweza kuipokea ile asante, akajivuta mpaka nyumbani na kiuno chake, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kumdai zaidi ya hapo. Alilitazama hilo kama alivyolitazama lile wazo siku ya ngoma, na akajua kwamba sauti inayomwambia anyamaze ni ileile iliyomwambia alifukuze.

Akaivua kofia ya Mihambo, akaiweka mapajani kwa Kalunde.

"Kalunde, mwanangu. Yale niliyosema pale kaburini," akasema. "Hapa sitanii."

Kalunde akacheka, maana amelelewa na mtu aliyekuwa akianza hivyohivyo. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamwishia.